MASHAURI YA KAZI: Karatasi Inayomtangulia Mtu

Wahenga walisema ya kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli kwa ng'ombe wa maziwa aliyesimama mbele ya mnunuzi, maana mnunuzi hukitazama kiwele chake, humkamua, na mara hujua thamani yake. Walakini si kweli kwa mtu anayeomba kazi. Mwombaji hayupo wakati karatasi zake zinaposomwa. Yeye yuko kwao Kericho au Taita, na aliyeketi mezani ni karani mwenye rundo la barua mia tatu, naye amepewa siku mbili tu za kuchagua watu kumi watakaoitwa. Mbele ya karani huyo mtu stadi asiyejua kujieleza na mtu mzembe hufanana kabisa.

Kwa sababu hiyo wako wengi wanaokosa kazi ambao hawakukosa elimu, wala hawakudhulumiwa na mtu. Walipeleka karatasi mbaya tu. Karatasi inayosemwa hapa ni wasifu, ambao katika ofisi nyingi huitwa sivii: ukurasa mmoja au miwili inayoeleza mwombaji ni nani, amesoma nini, amefanya kazi gani, na ni nani wawezao kuulizwa habari zake. Wasifu hufuatana na barua ya maombi. Barua hubisha hodi, na wasifu hueleza aliyeko mlangoni.

ZAMANI KALAMU ILIKUWA MKONONI MWA TAJIRI

Yafaa kijana ajue ya kuwa uhuru wa mtu kuandika habari za kazi yake mwenyewe si jambo la zamani sana katika Kenya. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, pamoja na nafasi za kuandikwa tajiri wake, mshahara wake, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyofunguliwa. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba.

Mtu akitazama vizuri ataona ya kuwa kipande kilikuwa namna ya wasifu, lakini wasifu ulioandikwa na mwingine. Tajiri asipotia sahihi ya kumfungua mtumishi wake, mtumishi huyo alikuwa katika hatari ya kuhesabiwa mtoro, na tajiri wa pili aliogopa kumpokea. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikusanya watu Nairobi wakakipinga kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Hata hivyo miaka mingi ilipita kabla ya kipande kuondolewa mwaka 1947.

Siku hizi sheria imegeuka ikamwelekea mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, inamwamuru mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoacha kazi, isipokuwa kama alifanya kazi kwa muda usiofikia majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa, na siku aliyoacha. Mwajiri anayekataa kwa kusudi au kwa uzembe, au anayeandika ndani yake neno analolijua kuwa ni la uongo, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili.

Ni lazima ifahamike vema ya kuwa sheria hiyo haimlazimishi mwajiri amsifu mtu. Barua ya sifa ni hisani. Cheti cha utumishi ni haki. Madereva, wapishi, walinzi na wafanyakazi wa mashamba wengi huondoka siku ya mwisho wakiwa wamebeba mshahara na masanduku yao tu, kisha baada ya miaka mitatu huanza kumtafuta mwajiri ambaye amekwisha hama au kufa. Miaka yao ya kazi hupotea kama mahindi yaliyoachwa nje wakati wa mvua. Mwenye busara huomba cheti chake kabla ya kukabidhi funguo.

KUKUSANYA KABLA YA KUANDIKA

Mali bila daftari huisha bila habari, na maisha ya kazi ni mali. Kabla ya kushika kalamu mtu na akusanye katika bahasha moja vyeti vyake vya shule na vya mafunzo, kitambulisho chake, vyeti vya utumishi, na barua zozote alizowahi kupewa. Kisha achukue karatasi ya kawaida aandike kila kazi aliyowahi kuifanya, tangu mwezi gani hata mwezi gani. Karatasi hii si ya kupelekwa kwa mtu yeyote. Ni daftari lake mwenyewe, ambalo atalichotea kila mara atakapoomba kazi.

Wakati wa kukusanya, jambo la kwanza la kutazama ni majina. Ni kawaida kumkuta mtu aliyeandikwa kwa jina moja katika cheti cha mtihani, na kwa jina jingine, au kwa herufi tofauti, katika kitambulisho. Huenda mwalimu alikosea herufi, au mwenyewe alibatizwa baadaye, au aliolewa akachukua jina la mumewe. Karani anayesoma hawezi kujua hayo. Yeye huona watu wawili. Heri mtu amwendee wakili mapema atengenezewe hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kuliko kungojea hata siku ya kuitwa, wakati ambapo hapana nafasi tena ya kutengeneza kitu.

Jambo la pili ni kutunza vyeti vya asili. Kinachopelekwa pamoja na maombi ni nakala. Cheti cha asili huonyeshwa siku ya mahojiano, kisha hurudi nyumbani pamoja na mwenyewe. Mtu asimwachie mgeni cheti chake cha asili hata kwa usiku mmoja, maana kupata badala yake ni safari ndefu.

MPANGO WA WASIFU

Juu kabisa huandikwa jina kamili, anwani ya posta, nambari ya simu na barua pepe. Anwani ya barua pepe iwe ya jina la mtu mwenyewe. Anwani ya mzaha iliyobuniwa wakati wa shule humfanya msomaji acheke, naye anayechekwa haitwi kazini. Nambari ya simu iwe ile inayopatikana. Wako watu waliokosa kazi kwa sababu walibadilisha laini, na simu ya kuwaita ikalia katika mfuko wa mtu mwingine.

Kisha hufuata kazi alizofanya, akianza na ya karibuni na kurudi nyuma. Wengi huanza na shule ya msingi na kupanda polepole hata leo, kama mtu anayesimulia ukoo wake. Karani hana nafasi ya safari hiyo. Anataka kujua kwanza mtu huyu anafanya nini sasa. Baada ya kazi huja masomo kwa mpango uo huo, yaani cheti cha juu kwanza. Aliye na stashahada hahitaji kutumia mistari mitano kueleza shule ya msingi. Lakini kijana aliyetoka shule juzi, asiyekuwa na kazi ya kutaja, aweza kutanguliza masomo yake.

Baada ya hayo huandikwa ustadi ulio na faida kwa kazi inayoombwa: lugha anazosema na kuandika, leseni ya gari na aina yake, kompyuta na programu anazozijua kwa kweli. Mwishowe huwekwa majina ya watu wawili au watatu wawezao kuulizwa habari zake. Hawa wasiwe ndugu zake. Mwalimu mkuu, msimamizi wake wa zamani, mwenyekiti wa chama cha ushirika, au kiongozi wa dini anayemjua vizuri, hao ndio wanaofaa. Naye awaombe ruhusa kwanza. Ni aibu mzee kupigiwa simu na ofisi ya Nairobi akaulizwa habari za kijana ambaye hajui kama anaomba kazi, na kigugumizi cha mzee huyo huhesabiwa kuwa ushahidi mbaya.

KUELEZA KAZI KWA VITENDO NA HESABU

Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Msomaji na achukue mfano huu. Chama cha ushirika cha maziwa kimetangaza nafasi ya karani wa kupokea maziwa. Mwombaji wa kwanza ameandika: "Mimi ni mwaminifu, mchapa kazi, na mwenye bidii nyingi. Niliwahi kufanya kazi katika kituo cha maziwa." Maneno hayo ni mazuri, ila hata mwizi huyaandika. Hayana kitu cha kushikika.

Mwombaji wa pili ameandika: "Tangu Januari 2021 hata Desemba 2023 nilipokea maziwa ya wakulima 140 kila asubuhi tangu saa kumi na moja. Niliyapima kwa mizani, nikayajaribu kwa kipimo cha kutambua maziwa yaliyotiwa maji, nikaandika kilo za kila mkulima katika kitabu chake na katika daftari la chama. Kila siku nililinganisha jumla ya daftari na hesabu ya gari la kiwanda."

Mwombaji huyu hakujisifu hata kwa neno moja, lakini tazama jinsi alivyosifika. Karani anayesoma amekwisha kujua ya kuwa mtu huyu huamka mapema, anaijua mizani, hawezi kudanganywa kwa maji, na anaelewa ya kuwa daftari mbili zisipokubaliana kuna fedha ya mkulima inayopotea. Uaminifu wake umeonekana katika kazi yenyewe. Basi kanuni ni hii: palipo na neno la sifa, liondolewe, liwekwe tendo; na palipo na tendo, liwekewe hesabu yake ikiwa iko na ikiwa ni ya kweli.

Mtu aweza kusema, "Haya ni mema kwa aliyekwisha kufanya kazi, lakini yule ambaye hajaandikwa na mtu je?" Jibu ni kwamba kazi si mshahara tu. Kijana aliyebaki nyumbani baada ya kidato cha nne, akawa anaandika kumbukumbu za ng'ombe wa babaye, siku walizopandishwa, siku walizochanjwa na lita walizotoa, huyo amefanya kazi ya karani. Binti aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, akapokea michango kila juma, akaandika stakabadhi, na mwisho wa mwaka akagawa fedha pasipo ugomvi, huyo ameshika fedha za watu. Aliyesimamia vibarua watano wakati wa kuchuma kahawa amewahi kuongoza watu. Mambo hayo yote yaandikwe kwa tarehe, mahali na hesabu, na jina la mtu awezaye kuyashuhudia liwekwe mwisho. Mkulima asidharau jembe lake anapokwenda kuomba kalamu.

KILA KAZI NA KARATASI YAKE

Desturi moja imeenea katika miji midogo nayo imewadhuru wengi. Kijana huingia katika duka la saiba, hutaja jina lake na shule yake, na mwenye duka huchukua wasifu wa mteja wa jana, hufuta jina, hutia jingine, na kuuchapa. Matokeo yake ni kwamba ofisi hupokea nyasifu ishirini zenye maneno yale yale, hata makosa ya herufi ni yale yale. Mara nyingine jina la mteja wa jana husahauliwa katika ukurasa wa pili. Karani akiona hivyo huweka karatasi upande, wala haiinui tena.

Hapana ubaya kulipa mtu akuchapie, ila maneno na yawe yako. Tena wasifu mmoja usipelekwe kila mahali. Tangazo la kazi ni kama swali la mtihani, nao wasifu ni jibu. Mtu na asome tangazo mara mbili, apige mstari chini ya kila kinachotakiwa, kisha atazame kama kila mstari umejibiwa. Ikiwa tangazo linataka mtu ajuaye kutunza ghala, basi kazi ya ghala na ipande juu, hata kama aliifanya kwa miezi minane tu. Ikiwa linataka miaka mitano ya utumishi naye ana mmoja, heri ahifadhi nauli yake na kungoja tangazo jingine.

Usafi nao una sauti. Karatasi iwe nyeupe, herufi za ukubwa mmoja, nafasi ya kutosha pembeni, wala pasiwe na maua na rangi. Kurasa mbili zinatosha kwa watu walio wengi. Baada ya kumaliza, mwombaji amsomee mwingine kwa sauti, maana jicho la mwandishi husamehe makosa yake.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Shida ya kazi humjaribu mtu. Aliyepata alama ya D hutamani kuandika C, na aliyefanya kazi miezi sita hutamani kuandika miaka miwili. Wako na wale wanaonunua vyeti vichochoroni. Mwezi wa Februari mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ya uchunguzi wa vyeti katika idara na mashirika ya serikali, na vyeti zaidi ya 2,000 vikaonekana kuwa ni vya kughushi. Wengine kati ya wenye vyeti hivyo walikuwa wamekwisha kupanda vyeo. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi nayo imewashtaki watu wa namna hiyo ikidai warudishe mishahara yote waliyopokea. Fikiri mtu mwenye watoto shuleni na nyumba iliyokwisha ezekwa, akiambiwa arudishe mshahara wa miaka kumi.

Tena uongo mdogo huvunjika kwa swali dogo. Anayesema ya kuwa anajua kuweka hesabu kwa kompyuta huwekwa mbele ya kompyuta. Aliyetia tarehe za uongo hujikuta amesema ya kuwa alikuwa Mombasa na Eldoret katika mwezi mmoja.

Zaidi ya yote, kweli isiyopendeza haina ubaya ambao watu huudhani. Ikiwa mtu alikaa bila kazi, aandike kwa kifupi alichokuwa akifanya: "Mwaka 2020 hata 2021: kusimamia shamba la nyumbani na kumwuguza mzazi." Kila mwenye akili hukumbuka jinsi mwaka 2020 ulivyofunga shule na hoteli kwa ugonjwa wa korona. Nafasi iliyoelezwa hupita. Nafasi iliyofichwa huulizwa.

YASIYOTAKIWA NA YANAYOTAKIWA

Wengine hujaza wasifu kwa dini yao, jina la babu, idadi ya watoto na kimo chao. Mambo hayo hayana kazi pale, isipokuwa tangazo limeyataka kwa sababu iliyo wazi. Sheria ya Ajira inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, asili yake, ulemavu, ujauzito au ndoa, basi mtu asimkabidhi mwajiri silaha ambayo sheria imeikataza.

Walakini fomu za serikali huuliza kabila, kaunti na ulemavu, na mwombaji asikasirike wala asiruke nafasi hizo. Katiba ya mwaka 2010 inataka utumishi wa umma uwe na watu wa jamii zote za Kenya, wanaume na wanawake, na wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2008 ya uwiano wa kitaifa nayo inakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka katika jamii moja. Hesabu hiyo haiwezekani ikiwa watu hawakujaza fomu. Kadhalika mwombaji na akumbuke ya kuwa kazi za kaunti hutangazwa na bodi za utumishi za kaunti zenyewe, na kazi nyingi za serikali kuu hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Anayetaka zote mbili na atazame mahali pote pawili.

Kuna tena vyeti vya kuthibitisha tabia na madeni: cheti cha tabia njema kinachotolewa na wapelelezi wa polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole, cheti cha kodi, cheti cha mkopo wa masomo, na vinginevyo. Kwa miaka mingi vijana maskini walitumia fedha kukusanya vyeti hivyo kwa kila kazi waliyoiomba, nao hawakuitwa. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, ikamkataza mwajiri kudai vyeti hivyo isipokuwa amekusudia kufanya mkataba wa maandishi na mwombaji huyo. Hivyo mtu asikimbilie kuvilipia kabla ya kuambiwa ya kuwa amechaguliwa. Lakini asome tangazo kwa makini, ili ajue vipi vitatakiwa na avipate bila kuchelewa.

Na liko onyo moja la kushikwa na kila mzazi. Kazi ya serikali haiuzwi. Mtu anayepiga simu akisema ya kuwa jina la kijana limekwisha pita, na kilichobaki ni fedha kidogo ya "faili," huyo ni mwizi, hata akiwa na barua yenye mhuri. Mashamba yameuzwa na ng'ombe wameondoka zizini kwa ajili ya nafasi ambazo hazikuwapo. Mtumishi wa kweli hamwombi mwombaji fedha.

BARUA YA MAOMBI

Barua haihitaji kuwa ndefu. Itaje kazi inayoombwa na mahali ilipotangazwa, ieleze kwa mistari michache kwa nini mwombaji anafaa, kisha inyamaze. Machozi hayana nafasi ndani yake. Mwajiri husikitika akisoma ya kuwa mtu ni yatima na ana ndugu saba, lakini humwandika yule awezaye kazi. Mfano wa barua ya kufaa ni huu:

"Kwa Katibu wa Chama. Bwana, KUOMBA KAZI YA KARANI WA KUPOKEA MAZIWA. Naomba kazi iliyotajwa hapo juu, ambayo ilitangazwa katika ubao wa chama tarehe 3 mwezi huu. Nimefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mitatu, nikipokea maziwa ya wakulima 140 na kutunza daftari zao. Nina cheti cha kidato cha nne, nami naandika vizuri Kiswahili na Kiingereza. Wasifu wangu na nakala za vyeti vyangu ziko pamoja na barua hii. Niko tayari kuja kwa mahojiano siku yoyote nitakayoitwa. Wako mtiifu."

Ikiwa katibu ni mwanamke, aandikiwe "Bibi," na ikiwa haijulikani, "Bwana au Bibi." Barua ikipelekwa kwa barua pepe, jina la kazi liandikwe katika mstari wa kichwa, na kila karatasi iliyoambatanishwa ipewe jina la mwombaji mwenyewe. Karani aliyepokea faili mia zote zikiitwa "sivii" hawezi kujua ipi ni ya nani. Wala mtu asingoje siku ya mwisho, maana siku hiyo umeme hukatika na mtandao hujaa.

Baada ya kupeleka, mwombaji na aweke nakala ya kila alichokipeleka pamoja na tarehe yake. Akiitwa, ataulizwa juu ya maneno yake mwenyewe, naye yampasa ayajue. Asipoitwa, asirarue karatasi. Aitazame upya, aulize penye upungufu, aongeze alichojifunza tangu hapo, kisha aipeleke kwingine.

Kalamu iliyokuwa mkononi mwa tajiri siku za kipande imo leo mkononi mwa kila mtu aendaye kutafuta kazi. Na aitumie kwa ukweli na kwa mpango, na jioni hii, kabla taa haijazimwa, aanze kwa kuiandika kazi ya kwanza aliyoifanya na mwezi alioianza.